Kukaanga Viazi kwa Hewa ya Moto: Faida na Mipaka Yake

Shibe ya askari ina gharama zake, na katika jiji la Bujumbura gharama hizo ni kubwa kwa kila mwenye mshahara: mafuta, mkaa na umeme. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi, pamoja na jamaa zao, habari za kikaangio cha hewa, chombo ambacho kimekwisha kuingia katika baadhi ya nyumba za jiji. Tutakieleza kwa njia ya chakula kimoja kinachowashinda wengi: viazi vilivyokunwa na kugandishwa kwa barafu.

Kiazi chenyewe si kigeni kwetu. Waswahili hukiita kiazi ulaya, na Warundi hukiita ikiraya, jina ambalo nalo linakumbusha Ulaya. Hata hivyo asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wenyeji wa huko walikigandisha kwa baridi ya usiku na kukikausha juani karne nyingi kabla ya kuwako jokofu. Viwanda vya Marekani navyo vilianza kuuza viazi vya kukaanga vilivyogandishwa katika miaka ya 1940. Hapa Burundi kiazi hustawi katika nyanda za juu za Mugamba, Muramvya na Kayanza, na hushuka Bujumbura kwa malori kupitia Bugarama. Askari wetu waliopelekwa Somalia kuanzia 2007, au Jamhuri ya Afrika ya Kati kuanzia mwishoni mwa 2013, huenda walikutana na kile cha barafu katika majiko ya ugenini.

CHOMBO HIKI HAKIKAANGI

Kikaangio cha hewa kilianza kuuzwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 2010. Ndani yake mna waya wa joto na feni. Waya huchemsha hewa, na feni huizungusha kwa kasi kuzunguka chakula. Kwa kweli chombo hiki hakikaangi. Ni tanuri ndogo yenye upepo. Upepo huo huondoa unyevu juu ya kiazi, na kiazi kikikauka ndipo kinapopata rangi na kuwa kikavu chenye kuvunjika mdomoni. Mtu akilielewa jambo hili, amekwisha kuelewa nusu ya kazi: adui wa mpishi hapa ni maji.

Basi viazi vya barafu visiachwe viyeyuke kabla ya kupikwa. Vikiyeyuka hutoa maji, hushikamana, na huwa kama ugali uliochakaa. Washa chombo kwanza, kipate moto wa nyuzi 200 kwa dakika tatu hivi. Changanya viazi na kijiko kimoja cha mafuta, kisha vitandaze vyembamba, wala usivirundike. Baada ya dakika kumi vigeuze, uvipike tena dakika nane hadi kumi. Chumvi hutiwa mwishoni, kwa sababu chumvi huvuta maji.

Rangi iwe ya dhahabu, isiwe ya kahawia iliyoiva sana. Mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipikwa kwa moto mkali hufanya kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo inashukiwa kuleta saratani. Vilevile kiazi kilichogeuka kijani kisiliwe, kina sumu.

KIAZI CHA MUGAMBA KINATOSHA

Hakuna haja ya kununua pakiti iliyotoka ng'ambo. Menya viazi vya sokoni, vikune kwa chombo cha kukunia karoti, uvioshe mpaka maji yawe meupe, maana maji ya kwanza hubeba wanga unaovifanya vinate. Vitie katika maji yanayochemka kwa dakika mbili ili visigeuke vyeusi, uvichuje, kisha uvikamue kwa kitambaa safi mpaka vikauke. Ukiwa na jokofu la kugandisha, vitandaze juu ya sinia vigande, ndipo uvitie mfukoni. Umeme ukikatika kwa muda mrefu navyo vikayeyuka, vipikwe mara moja vikiwa bado baridi, visigandishwe tena. Vikipata joto, vitupwe.

MIPAKA YAKE

Hatutaki kumdanganya mtu. Kikaangio kimoja cha kawaida hutosha watu wawili au watatu. Hakiwezi kuwa chombo cha jiko la kambi. Chenye nguvu ya wati 1,500 hutumia takriban nusu uniti ya umeme kwa dakika ishirini, na huo umeme wenyewe haupatikani saa zote. Anayeletewa chombo na ndugu aliyeko Marekani asome kwanza maandishi yaliyo nyuma yake: umeme wa huko ni volti 120, wa kwetu ni 220. Kikichomekwa bila kifaa cha kupunguza volti kitaungua, na pengine nyumba nayo itashika moto. Kadhalika kisichomekwe katika waya mwembamba wa kurefushia pamoja na pasi au birika.

Kwa sababu hizo, hatumshauri askari yeyote akope fedha ili akinunue. Aliye nacho akitumie vema, kwani kijiko kimoja badala ya sufuria nzima ya mafuta ni akiba ya kweli, na ni nafuu kwa moyo wa mtu aliyefikia umri wa kupimwa shinikizo la damu. Asiye nacho ana jiko la mkaa, na kanuni ni ile ile: viazi vilivyokamuliwa vikakauka, kikaango kizito kilichopata moto, mafuta machache ya mawese ya Rumonge, tabaka jembamba, na subira kabla ya kugeuza. Kwa maharagwe au ndagala, chakula hicho kinamtosha mtu anayekwenda lindo la usiku.

Kwa hiyo tunawahimiza wenzetu waanze na kiazi na kitambaa cha kukamulia. Habari ya mashine waifikirie baadaye, mshahara utakaporuhusu.