Kumsoma Mrushaji Chipukizi Katika Hewa Nyepesi ya Kamere

Msaka vipaji wa besiboli akienda kumtazama mrushaji wa shule ya sekondari, kitu cha kwanza kutoka mkobani ni kipima kasi, kama kile cha polisi wa trafiki barabara ya Naivasha kwenda Nakuru. Kikionyesha kilomita 145 kwa saa, husogea karibu. Mrushaji na mpigaji wametenganishwa na mita 18.44, na kwa kasi hiyo mpira hufika kabla ya nusu sekunde kwisha.

Kasi ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Kigumu ni mpira wa kupinda, na hapo ndipo Kamere ingewapoteza wengi. Mpira hupinda kwa sababu unasukumana na hewa huku ukizunguka. Huku Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Kijana atarusha kwa mkono uleule na mzunguko uleule, lakini mpira wake hautapinda kama ungepinda Pwani. Warushaji wa Marekani wanalijua tatizo hili kutokana na uwanja wa Coors Field mjini Denver, ulio chini kuliko Kamere kwa takriban mita 300.

Kwa hiyo anayehukumu kwa macho tu ataandika kwamba kijana hana mpira wa kupinda, na kumwacha mtu ambaye Mombasa angewasumbua wapigaji. Mimi ningemrekodi kwa simu, picha ya mwendo wa polepole, nihesabu mizunguko. Hewa haipunguzi kazi ya vidole.

Kisha mwili. Mtoto wa miaka 16 bado anakua, kwa hiyo mabega na urefu wa vidole hunieleza zaidi ya misuli. Naangalia kama anarudia mwendo uleule kila mara, na kama kasi ya mrusho wa hamsini inakaribia ile ya mrusho wa kumi.

Kiwiko ndicho kinachonitia hofu. Kano ya ndani ya kiwiko hukatika kwa kurusha kupita kiasi. Frank Jobe aliitengeneza mara ya kwanza mwaka 1974, akimpasua Tommy John wa Los Angeles Dodgers, na sasa hata wanafunzi wanapasuliwa hivyo. Mwongozo wa Marekani unamwekea kijana wa miaka 15 au 16 kikomo cha mirusho 95 kwa siku, na akipita 75 apumzike siku nne. Mzazi aulizwe pia kijana hubeba nini nyumbani, kwa sababu mitungi ya maji huuchosha mkono huohuo.

Uteuzi wa wachezaji wapya unaofanywa na ligi kuu ya Marekani kila Julai hauwahusu vijana wetu. Ni wa wanaoishi Marekani, Kanada na maeneo kama Puerto Rico. Wa Afrika Mashariki husajiliwa na klabu moja kwa moja kuanzia miaka 16, kama mrushaji David Matoma wa Uganda alivyochukuliwa na Pittsburgh Pirates. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari, na kabla ya sahihi yoyote mzazi aulize ni nani atalipia kiwiko kikiumia.