Tyubu Inayokataa Kukunjwa

Minya tyubu ya dawa ya meno, kunja mkia wake mara tatu, kisha iweke pembeni ya sinki. Kabla hujamaliza kusukutua, mikunjo imefunguka, tyubu imevuta upepo, na dawa iliyokuwa imefika mdomoni imerudi ndani. Walioswaki kwa tyubu za alumini wanakumbuka mambo mengine kabisa: ile ukiikunja, imekunjika, na ilikuwa inaisha huku imejiviringa kama mkeka. Haikuhitaji kifaa cha kuisaidia.

Leo vifaa hivyo vipo na vinauzwa: vibanio vya plastiki vya kuteleza juu ya tyubu, funguo zenye mpasuko za kuizungushia mkia, mashine ndogo zenye rola mbili, hata visanduku vya kubandika ukutani vinavyofyonza dawa. Ninapoulizwa kama vina maana, jibu langu ni kwamba vina maana, ila si ile iliyoandikwa kwenye paketi. Paketi inaahidi akiba. Kikamulio kwa kweli kinatibu ugonjwa mmoja tu, ule ulioingia siku viwanda vilipoacha metali na kuhamia plastiki. Ukiuelewa ugonjwa huo utajua ununue kipi, na huenda usinunue chochote.

Tyubu yenyewe haikubuniwa kwa ajili ya meno. Mwaka 1841 mchoraji wa Kimarekani aliyekuwa akiishi London, John Goffe Rand, alipata hataza ya tyubu ya stani, metali laini inayominyika, ili rangi zake za mafuta zisikauke. Kabla ya hapo wachoraji walihifadhi rangi katika vibofu vya nguruwe vilivyofungwa kwa uzi. Dawa ya meno wakati huo iliuzwa kama unga, au ikiwa laini katika kopo ambalo familia nzima ilichovya miswaki yake. Katika miaka ya 1890 daktari wa meno Washington Sheffield wa Connecticut aliitia kwenye tyubu, na Colgate ikafuata mwaka 1896. Vita Kuu ya Pili ilipofanya stani iwe adimu, watengenezaji walianza kutafuta mbadala wa plastiki, na ndani ya miongo michache metali ikasalia zaidi kwenye malhamu na gundi.

Kwetu Tanzania tyubu za alumini zilikuwa bado mikononi mwa watu wakati wa uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na dawa ya meno vilitafutwa kwa foleni na kwa kujuana, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine, yule ambaye Chuo Kikuu cha Kilimo hapa Morogoro kimebeba jina lake, aliongoza msako wa walioficha bidhaa. Katika hali hiyo tyubu ilikamuliwa kwa mpini wa kijiko juu ya ukingo wa meza mpaka ikalala bapa. Ilikubali kwa sababu alumini ikishapinda haina haja ya kurudi ilikotoka.

Plastiki ina haja hiyo. Chukua tyubu iliyokwisha, ikate kwa wembe kutoka mkiani hadi begani, ioshe, kisha uukague ukingo uliokatwa mahali penye mwanga. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa katikati, hiyo ni alumini iliyobanwa kati ya matabaka ya polithini. Imewekwa ili harufu ya mnanaa isitoroke na hewa isipenye; kukunjika si kazi yake. Usipoona mstari, umeshika plastiki tupu. Sasa kunja kipande hicho kwa kucha na ukiachie. Chenye alumini kitafunguka nusu kisha kisite. Cha plastiki tupu kitafunguka karibu chote. Kwa jaribio hilo la dakika moja utajua kama nyumbani kwako unahitaji kikamulio au kibanio cha nguo kinatosha.

Kwa kuwa tuko mkiani, nimalizane na ule ujumbe unaozunguka kwenye simu, unaodai kwamba mraba wa rangi ulio mwisho wa tyubu unaonyesha kama dawa ni ya asili au ya kemikali. Si kweli. Tyubu hujazwa kutokea mkiani, kifuniko kikiwa kimeshawekwa, kisha mkia unabanwa na kuunganishwa kwa joto. Mraba ule ni alama inayosomwa na jicho la mashine ili tyubu ikatwe na kufungwa ikiwa imeelekea upande unaotakiwa. Rangi yake huchaguliwa ionekane vizuri juu ya rangi ya tyubu, basi.

Turudi kwenye dawa. Ni unga laini wa chokaa au silika uliochanganywa na maji, gliserini au sorbitoli ya kuzuia isikauke, na kitu cha kuipa uzito. Mchanganyiko wa namna hii hautiririki hata kidogo mpaka usukumwe kwa nguvu inayopita kiwango fulani; ukishapita, unateleza kwa urahisi. Mkemia wa Kimarekani Eugene Bingham alizieleza tabia hizi mwanzoni mwa karne ya 20, na wahandisi bado huviita vitu hivi kwa jina lake. Ndiyo sababu dawa hukaa juu ya mswaki bila kuzama kati ya nywele zake. Ndiyo sababu pia kuisimamisha tyubu kichwa chini kunasaidia ikiwa imejaa na hakusaidii ikikaribia kwisha: utando uliobaki kwenye kuta hauna uzito wa kutosha kujishusha wenyewe. Sharti kitu kiusukume.

Utando huo ni kiasi gani? Tupige hesabu. Tyubu yenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 14, ikibaki na dawa yenye unene wa nusu milimita kati ya kuta zake mbili, ina sentimita 3.5 za ujazo. Dawa ya meno ni nzito kuliko maji, kwa hiyo hapo pana gramu 4 na nusu hivi. Mtu anayepaka mswaki wote kama kwenye matangazo hutumia gramu moja au zaidi. Familia ya watu watano wanaoswaki asubuhi na usiku itaimaliza akiba hiyo kabla siku haijaisha. Mwanafunzi anayeishi peke yake hosteli, pale Chuo Kikuu Mzumbe tuseme, atapata siku mbili, na siku mbili kabla ya bumu, yaani fedha ya mkopo, kuingia si haba. Lakini hakuna atakayejenga nyumba kwa gramu 4 na nusu.

Faida yenyewe iko kwenye hewa. Tyubu ya plastiki ikijirudisha huvuta upepo kupitia mdomo. Asubuhi ukiiminya, unatoka upepo kwanza, kisha dawa inaruka kwa kishindo, mara nyingi mno, mara kidogo, na nyingine inaishia sinkini. Kwa mtu mzima hiyo ni kero tu. Kwa mtoto ni jambo la afya. Aliye kati ya miaka 3 na 6 anatakiwa kupakiwa dawa yenye floridi isiyozidi ukubwa wa punje ya njegere, na watu wa Mgeta, kule Uluguru, wanaoilima hawahitaji kuonyeshwa ukubwa huo. Aliye chini ya miaka 3, punje ya mchele. Watoto humeza, na floridi ikizidi katika miaka ambayo meno ya ukubwani bado yanajengwa chini ya fizi, huacha madoa yasiyosuguliwa yakatoka. Wanaotoka Arusha na maeneo ya Meru wanayajua madoa hayo, ingawa wao wameyapata kwenye maji. Kuipima punje ya njegere kutoka kwenye tyubu iliyojaa upepo ni kazi. Tyubu ikiwa imeviringwa mpaka dawa ilipoanzia, dawa hutoka pale pale unapoisukuma na kusimama unapoacha.

Hewa hiyo huwa na visa vyake kwa anayepanda milima ya Uluguru. Mji wa Morogoro uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Nyandira, kule Mgeta, iko zaidi ya mita 1,500. Katika safari hiyo ya gari, mgandamizo wa hewa ya nje hupungua kwa zaidi ya asilimia 10, na kwa aliyetokea Dar es Salaam hupungua zaidi. Upepo uliofungiwa ndani ya tyubu huko chini haujui kwamba umehama. Unatanuka, tyubu inavimba kwenye begi, na mgeni akifungua kifuniko alfajiri dawa inajitokea bila kuminywa. Anayeteremka hukuta kinyume chake: tyubu imebonyea na ukiifungua inavuta pumzi. Iliyotolewa upepo kabla ya safari haifanyi hivyo, kwani dawa yenyewe karibu haitanuki kabisa. Baridi ya Julai kule juu nayo huifanya dawa kuwa nzito, ukahitaji kuminya kwa nguvu zaidi, na vidole vyenyewe vimekufa ganzi.

Sasa vifaa. Kisanduku cha ukutani nakiweka kando mapema: ndani yake kuna njia na chemba zinazobaki na dawa ambayo huifikii, huganda, na kusafisha kunachosha. Kinatunza dawa nyingi kuliko kinayookoa. Kibanio cha kuteleza ni bora, ila ukiangalia kwa makini miguu yake miwili hutanuka katikati unapokisukuma, kwa hiyo kinakausha pembeni na kuacha mgongo wa dawa katikati ya tyubu. Rola mbili zenye gurudumu la meno hufanya kazi nzuri mpaka meno ya plastiki yatakapolika. Kinachoshinda vyote ni ufunguo wenye mpasuko, ambao hauna kitu cha kuharibika. Mkia unaingia mpasukoni, unazungusha. Nguvu yake inatokana na wenzo: kijiti chenye nusu kipenyo cha milimita 4 na mkono wa sentimita 4 huzidisha nguvu ya kidole chako mara kumi.

Na ufunguo huu hauhitaji duka. Fundi baiskeli yeyote ana spoki zilizokatika. Pinda moja katikati iwe kama kibanio cha nywele, penyeza mkia wa tyubu kati ya miguu miwili, zungusha. Kasoro yake ni kutu, kwa kuwa bafuni hapakauki, na ncha zisipopigwa tupa zitachana mkono.

Mimi napendelea mwanzi. Mianzi ipo tele kandokando ya vijito vinavyoshuka Uluguru. Ukate uliopandwa nyumbani au shambani, si ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyotangazwa 2008. Tafuta mwanzi mwembamba, unene wa kidole kidogo, wenye fundo lililoota kitawi. Kata ili upate pingili nzima upande mmoja wa fundo, ndefu kuliko upana wa tyubu, na kipande kifupi upande wa pili. Uache ukauke kivulini, kisha pasua pingili kwa kisu kutoka ncha iliyo wazi mpaka kwenye fundo, usivuke. Fundo ndilo linalozuia ufa usiendelee, na ndilo linalozifanya nusu mbili zibanane. Ingiza mkia katikati, funga ncha iliyo wazi kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kitawi, ukikiacha na urefu wa sentimita nne au tano, ndicho mkono wa kuzungushia.

Pigilia misumari miwili ukutani na uulaze mwanzi juu yake, tyubu ikining'inia mdomo chini. Zungusha kwa namna ambayo plastiki ikitaka kujifungua, kitawi kinaegemea ukuta. Hapo haijifungui tena. Kuning'iniza ni bora kuliko kusimamisha rafuni, kwa sababu tyubu iliyobeba mviringo kichwani huanguka ikiguswa na kiwiko.

Begani, pale plastiki ngumu inapoanzia, kikamulio chochote hugota. Hapo maliza kwa kidole gumba. Ukiamua kutumia wembe, kata tyubu katikati, chota kilichobaki, kisha vika kipande cha mkiani juu ya kile cha mdomo kiwe kifuniko; dawa iliyoachwa wazi hukauka. Na hata tyubu iwe nzima, msiugusishe mdomo wake kwenye nywele za miswaki. Mnabadilishana vijidudu vya mdomoni bila kujua.

Tyubu zenye alumini ndani hazinunuliwi na wanaokusanya plastiki, maana matabaka yake hayatenganishiki kirahisi, kwa hiyo huishia shimoni kuchomwa. Kwa sababu hiyo mwaka 2019 Colgate ilitangaza tyubu ya polithini ya aina moja tu, ile ya familia ya chupa za maziwa na madumu, inayoweza kurejelezwa, na watengenezaji wengine wanaelekea huko. Kwa mazingira ni hatua nzuri. Kwa anayeshika mswaki asubuhi ina maana moja zaidi: polithini hiyo ni ngumu kuliko ile laini ya zamani na haina alumini ya kuisitisha, kwa hiyo itajifungua kwa nguvu zaidi. Kata mwanzi wako mnene kidogo.