Hata Makosa Yake Hatukuyahesabu



Ndugu wasomaji, miaka michache iliyopita alikuwapo madrasani kwetu kijana wa miaka 15 atembeaye kwa magongo mawili. Sisi walimu tulimhurumia mno. Zamu ya kufagia ilipomfikia, tulimruka. Zefe la Maulidi lilipotoka, tulimketisha barazani pamoja na wazee. Akikosea katika hifdhi tulimnyamazia, ilhali wenzake tuliwarejesha mwanzo wa sura. Tukadhani hiyo ndiyo rehema. Baada ya Ramadhani hakurudi tena. Tulipokwenda kwao kumjulia hali, mama yake alitutilia kahawa, na kijana akatuambia huku ameinamisha uso: "Sheikh, hata makosa yangu hamkuyahesabu."

Maneno hayo yalitukosesha usingizi. Umri wa balehe ndio umri ambao mtoto hujiuliza yeye ni nani na nani amhitaji. Kijana mwenye ulemavu hujibiwa na macho ya watu kabla hajafungua kinywa. Nasi tulikuwa tukimhimiza asubiri, kana kwamba subira ni kukaa kimya. Mwenye subira huwa na jambo alilolishika asiliachilie. Ambaye hakupewa la kushika atasubiri nini?

Tulirejea kisa cha Amr bin al-Jamuh, Mwenyezi Mungu amridhie, tulichokuwa tukikisomesha kila mwaka bila ya kukizingatia. Sahaba huyu alikuwa akichechemea sana. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, wanawe walitaka abaki nyumbani, wakamwambia kuwa Mwenyezi Mungu amekwisha kumpa udhuru. Naye akaenda kuwashtaki kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtume akamthibitishia kuwa kweli ana udhuru, kisha akawaelekea wanawe akawataka wasimzuie. Akatoka, na huko akafa shahidi. Udhuru haukufutwa, ulibaki pale pale. Lakini wa kuutumia au kuuacha alikuwa Amr mwenyewe, si wanawe. Itban bin Malik, ambaye macho yake yalikuwa yamedhoofika, yeye aliomba Mtume aje aswali nyumbani kwake, ili apafanye mahali pake pa kuswalia. Mtume alikwenda, na alipofika akamuuliza apenda aswali mahali gani katika nyumba ile. Majibu mawili mbalimbali, na katika yote mawili mwenye jambo alisikilizwa.

Sisi hatukumuuliza yule kijana hata mara moja.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi huona haya kulitaja, nasi tutalitaja. Mtoto anayesaidiwa kuoga na kuvaa hubalehe kama wengine, na stara yake ni wajibu kama ya wengine. Binti wa miaka 13 asivuliwe nguo mlango ukiwa wazi kwa sababu tu amezoeleka kubebwa. Apigiwe hodi. Aulizwe nani katika jamaa zake wa kike amridhia kumsaidia, na lile awezalo kulitenda kwa mkono wake aachiwe alitende, hata likichukua nusu saa. Nusu saa hiyo ina faida kubwa kuliko mawaidha yetu mengi.

Na majina pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa namna ya kumdhalilisha. Hata hivyo mitaani mwetu bado twasikia "yule kiwete wa bi fulani", tena vinywani mwa watu wanaotoka msikitini.

Mzazi akiona kijana ameacha kula, halali, amewakimbia rafiki zake, au atamka kuwa heri angekufa, asimwambie kuwa imani yake ni dhaifu. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo akaonane na daktari au mshauri nasaha, na asimwache peke yake. Dua na tiba havikugombana kamwe.

Tulirudi kwa kijana wetu tukamwomba radhi, kisha tukamuuliza ataka nini. Tulitarajia atataja adhana. Kumbe alitaka daftari la ada! Tukampa, na wallahi tangu siku hiyo hakuna mzazi aliyesamehewa shilingi, wala sisi walimu wenye watoto pale. Hifdhi yake naye hurejeshwa mwanzo wa sura akikosea, na hununa kama wenzake.

Siku nyingine mabega humuuma asiweze kuja. Hutuma ujumbe mapema, pamoja na jina la atakayeshika zamu yake. Ngazi tatu za mlango wa msikiti bado zamtaabisha. Fundi amekwisha kupima mteremko utakaojengwa kando yake. Gharama itasomwa Ijumaa hii baada ya swala, na atakayeisoma ni huyo mshika daftari.