Kiungo Huanzia Uwanjani: Wanyama, Mariga na Ploti za Kitengela (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza kazi ya kiungo mkabaji, yule anayesimama mbele ya mabeki, akavunja mashambulizi ya wapinzani na kuanzisha ya timu yake. Leo tunaingia katika swali ambalo wazazi na makocha wa Kitengela, Isinya na Kajiado mjini hawana budi kulikabili: mchezaji wa aina hiyo hutengenezwa wapi, na huchukua muda gani? Jibu ninalolitetea ni kwamba hutengenezwa kati ya umri wa miaka 12 na 18, kwenye uwanja wa kipimo kamili ulio karibu na nyumbani na usiotozwa ada, ndani ya klabu iliyomsajili kwa maandishi. Kipaji ni lazima kiwepo, lakini kipaji kisicho na mahali pa kuchezea hufa mapema bila mtu kujua kilikuwepo. Na katika kaunti ambayo ardhi yake inakatwa ploti mwaka hadi mwaka, uwanja ndio unaotoweka kabla ya vyote.

Tuanze na ushahidi ulio wazi zaidi, yaani ndugu wawili waliofika mbali kuliko viungo wengine wote wa Kenya. McDonald Mariga alizaliwa mwaka 1987 na Victor Wanyama mwaka 1991, wote wakakulia Muthurwa, mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli jijini Nairobi, na wote wakapitia Shule ya Upili ya Kamukunji. Muthurwa haukuwa mtaa wa watu wenye uwezo. Ulichokuwa nacho ni maeneo ya wazi ya umma karibu, viwanja vya shule, na timu za mtaa zilizokutana na timu za mitaa mingine mara kwa mara. Wanyama alipita katika akademia ya JMJ, Nairobi City Stars na AFC Leopards kabla ya kuvuka mpaka. Mariga alichezea Ulinzi Stars na Tusker. Mwaka 2007, akiwa bado na miaka 15, Wanyama alivaa jezi ya Harambee Stars dhidi ya Nigeria. Kijana hawezi kufikia hatua hiyo katika umri huo ikiwa alianza kucheza mpira wa watu kumi na mmoja mwaka uliotangulia. Nyuma ya mchezo ule mmoja kulikuwa na jioni nyingi mno ambazo hazikuandikwa popote, na jioni hizo zilihitaji ardhi.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi, ila mpangilio wake ndio unaostahili kutazamwa kwa makini. Mariga alikwenda Sweden mwaka 2005, kwanza Enköping kisha Helsingborg, akahamia Parma ya Italia mwaka 2007, na Januari 2010 akatua Inter Milan, iliyotwaa ligi, kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa msimu huohuo. Wanyama alimfuata kakake Helsingborg mwaka 2007, akaenda Beerschot ya Ubelgiji mwaka 2008, Celtic ya Uskoti mwaka 2011, Southampton mwaka 2013 akiwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, kisha Tottenham mwaka 2016. Bao lake la kichwa dhidi ya Barcelona mwezi Novemba 2012, Celtic waliposhinda 2-1, ndilo linalokumbukwa na mashabiki, pamoja na lile kombora la Anfield la Februari 2018. Kwa hoja yangu, miaka mitatu ya Beerschot ina uzito kuliko mabao yote mawili. Klabu ile ndogo ya Antwerp ilimpa dakika za kucheza kila wiki katika umri ambao kiungo hujifunza kusoma mchezo. Mshambuliaji anaweza kung'ara kwa kasi yake akiwa na miaka 18. Kiungo anahitaji kuwa ameona hali ileile mara nyingi: beki wa pembeni akipanda, winga wa wapinzani akikata kuingia ndani, nafasi ikifunguka mgongoni mwake. Alipofika Tottenham akiwa na miaka 25, kwa kocha Mauricio Pochettino aliyewahi kumfundisha Southampton, alicheza mechi 36 za ligi katika msimu wa 2016/17 na timu ikamaliza nafasi ya pili. Msimu ule ulikuwa zao la hatua zote zilizotangulia, na hatua ya chini kabisa ilikuwa Nairobi.

Sasa tuirudie Kajiado. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika kaunti hii. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake ukiwa na zaidi ya 150,000. Sababu zinaeleweka. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake mwaka 1988, eneo la mauzo ya nje la EPZ na viwanda vya saruji vya Athi River vikavuta wafanyakazi, na barabara ya kwenda Namanga ikaufanya mji uwe makazi ya watu wanaofanya kazi Nairobi. Ardhi iliyokuwa malisho ya ng'ombe na mapito ya wanyama kutoka Mbuga ya Nairobi ikawa ekari, ekari ikawa ploti za hamsini kwa mia. Mtoto wa familia iliyohamia Kitengela miaka kumi iliyopita alikuta nyanda wazi pande zote, akacheza popote. Mdogo wake anakuta kuta na nyaya. Uwazi ule wa awali ulitudanganya sote, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kutenga uwanja mahali ambapo kila kona ilikuwa uwanja.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa ifanywe hadharani. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Ploti ya futi hamsini kwa mia ina mita za mraba 465 hivi. Uwanja mmoja basi unameza ploti kumi na tano, na ukiongeza nafasi ya pembeni unakaribia ekari mbili. Mwenye ardhi anayegawanya shamba lake haoni uwanja hapo. Anaona wanunuzi kumi na watano. Simlaumu, kwa maana anafanya lile ambalo soko linamwambia afanye. Lakini ndiyo sababu uwanja hauwezi kuachiwa soko. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti majukumu ya vifaa vya michezo na pia mipango ya ardhi, na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inataka mgawanyo wa ardhi uidhinishwe na kaunti kwanza. Mkono unaopiga muhuri wa kugawanya ni uleule uliopewa wajibu wa kutoa uwanja. Uwanja wa Ildamat ulioko Kajiado mjini ni mali kubwa, ila mtoto wa Kitengela hawezi kwenda huko baada ya shule na kurudi kabla ya giza. Kinachohitajika ni viwanja vya kawaida vya udongo, kimoja kwa kila umbali ambao mtoto anaweza kuutembea, vikiwa na hati miliki ya umma.

Kuna pingamizi ambalo makocha wengi watalitoa hapa, na lina nguvu. Wachezaji wengi hodari wa dunia walijifunzia vichochoroni, na huko Brazil mpira wa ukumbini unasifiwa kwa kuwalea mafundi. Je, nafasi finyu haimjengi kiungo vizuri zaidi kwa kumlazimisha kufikiri haraka? Nakubali kwamba inajenga mguso wa kwanza, ujasiri wa kupokea mpira akiwa amebanwa, na pasi fupi. Haijengi kipimo cha umbali. Mtoto aliyecheza watano kwa watano maisha yake yote hajawahi kulazimika kuamua kama aufuate mpira mita thelathini au abaki akilinda nafasi, kwa kuwa katika kiwanja kile mita thelathini hazipo. Hajawahi kupiga pasi ndefu ya kuhamisha mchezo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Na hizo ndizo kazi kuu za kiungo mkabaji. Vichochoro vinatoa mawinga na mafundi wa chenga. Katikati ya dimba panataka mtu aliyezoea upana wake wote.

Pingamizi la pili linahusu familia. Baba wa ndugu hao wawili, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards, na Mariga ndiye aliyemfungulia mdogo wake mlango wa Sweden. Basi, mtu atasema, hii ni habari ya ukoo mmoja na haina funzo kwa Kajiado. Ukweli wa jambo lenyewe siupingi. Ninachosema ni kwamba unaongeza uzito wa hoja badala ya kuupunguza. Ukoo ule ulifanya kazi ambayo taasisi zilipaswa kufanya: kumtambua mtoto mapema, kumpeleka kwa kocha, kumtafutia klabu, kumwonyesha njia ya ng'ambo. Nchi inayotegemea baba mchezaji na kaka aliyetangulia itapata Wanyama mmoja katika kizazi, na kijana mwenye uwezo uleule aliyezaliwa kwa mama anayeshona nguo EPZ hatajulikana. Hata Mariga mwenyewe alikwamishwa na udhaifu wa nyumbani. Januari 2010, kabla ya Inter kumchukua, mpango wake wa kuhamia Manchester City ulikwama kwenye kibali cha kazi, kwa kuwa kanuni za Uingereza za wakati huo ziliitaka timu ya taifa ya mchezaji iwe miongoni mwa 70 bora duniani na Kenya haikuwemo. Kiungo mmoja hodari hakuweza kuipandisha nchi peke yake, na nchi ikamshika miguu.

Swali la fedha haliepukiki, na hapa ndipo watu wetu wanapoteza zaidi kwa kutojua. Kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu kuanzia miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25, na kila msimu kuanzia 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Chukua ada ya pauni milioni 12.5 iliyotajwa Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton kama kipimo tu. Klabu iliyomlea kijana kwa misimu minne ya mwanzo ingestahili pauni 125,000 kwa uhamisho huo mmoja, na iliyomshika mpaka atimize miaka 18 ingestahili pauni 250,000. Haki hiyo hurudi kila anapouzwa tena. Na kwa kuwa FIFA inazuia uhamisho wa kimataifa wa walio chini ya miaka 18 isipokuwa kwa masharti machache, miaka ile ya malezi sasa iko mikononi mwa nchi alikozaliwa mtoto. Lakini fedha hizo haziendi kwa kocha aliyejitolea wala kwa timu ya mtaa isiyo na karatasi. Zinakwenda kwa klabu iliyo chini ya shirikisho, yenye rekodi ya usajili inayoonyesha mchezaji alikuwa wapi na lini. Timu ya Kitengela inayocheza mashindano ya ploti kwa ploti kila Jumapili, bila kusajili hata mchezaji mmoja, imekwisha kujitoa katika mgao huo kabla haujaanza.

Wapo watakaosema kwamba ni hatari kuwatia watoto tamaa ya kazi fupi inayoweza kukatizwa na goti. Wasiwasi huo ni wa haki. Majeraha yalizifupisha siku bora za ndugu wote wawili: Mariga hakupata tena nafasi ya kudumu katika klabu ya ukubwa wa Inter, na Wanyama alipoteza nafasi Tottenham, akakaa benchi bila kuingia katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2019, kisha akaenda Montreal mwaka 2020. Wala sipendekezi mtoto yeyote aache vitabu. Uwanja ninaoudai hautumikii yule mmoja tu atakayefika Ulaya. Unawatumikia mamia watakaobaki, mwalimu anayehitaji mahali pa kufundishia somo la michezo, na kijana wa miaka 16 asiye na pa kwenda likizo ya Agosti wakati shule zimefunga malango. Mariga leo ni makamu wa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2024, kwa hiyo yumo katika ofisi inayohusika na usajili wa klabu. Upande wa ardhi unabaki kwa kaunti na kwa wakazi wanaohudhuria vikao vya umma vya bajeti na mipango, ambako maombi ya kugawanya mashamba yanaweza kupingwa au kuwekewa sharti la ekari mbili.

Wiki ijayo tutaingia upande wa wasichana, ambao kwao umbali wa uwanja kutoka nyumbani na saa ya kurudi jioni huamua mengi zaidi kuliko tulivyoeleza hapa.