Usimnyime Mwanao Kalamu

Kama unaishi Nakuru, Njoro au Naivasha, bila shaka umewaona watoto wanaocheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Meno yao yana madoa ya kahawia. Wenzao huwadhihaki, na pengine wewe mwenyewe umewahi kumkaripia mwanao kwamba hapigi mswaki.

Ukweli wa mambo ni kwamba mswaki hauna hatia. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa ina madini ya floridi, nayo huyeyuka katika maji ya visima. Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yenye floridi nyingi wakati meno yake yangali yanaumbika, madoa hayatoki kwa kusugua. Ikizidi mno kwa miaka mingi, hata mifupa hudhurika.

Je, nani atawaeleza watoto hayo? Mimi nasema ni watoto wenzao. Karatasi ya manila na ubao wa matangazo vyatosha kuanzisha gazeti la ukutani shuleni. Waandishi wake waulize: Maji yetu hutoka wapi? Yalipimwa lini? Wamwendee mwalimu mkuu, afisa wa maji na daktari wa meno. Watagundua kwamba kuchemsha maji hakuondoi floridi, lakini vichujio vya makaa ya mifupa, kama vile vilivyotengenezwa na Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru, huipunguza. Msichana aliyekuwa akificha meno atasoma habari hiyo na kujua kwamba kosa si lake.

Najua wazazi wengi watasema, "Mwanangu asituletee balaa." Hofu hiyo ina msingi. Aprili 2025, papa hapa Nakuru, polisi walifyatua vitoa machozi wakati wasichana wa Butere walipotarajiwa kuigiza mchezo wao, "Echoes of War", ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wasizuiwe.

Hata hivyo, dawa si kumnyang'anya mtoto kalamu. Mfunze kuuliza pande zote mbili, kuhakikisha kila tarakimu, na kutomtaja mtu kwa ubaya kabla ya kumsikiliza. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi leo jioni, mwanao akikuuliza maji ya nyumbani yalipimwa lini, usimfokee. Tafuteni jibu pamoja.