Leseni ya dereva ni sehemu ya mtaji wa lori

Mfanyabiashara wa Kahama au Geita aliyepata faida katika pamba, mpunga au dhahabu mara nyingi hufikiria kununua lori. Hupiga hesabu ya bei, matairi na dizeli. Leseni ya dereva huachwa mwisho, ilhali inaweza kumaliza mtaji wote.

Leseni za Tanzania zina madaraja. D ni ya magari madogo ya binafsi, E ya malori, na C ya abiria, iliyogawanywa kwa idadi ya viti. Dereva huanza na leseni ya kujifunzia, hupata D, kisha hukaa nayo miaka kadhaa kabla ya kupanda. Polisi wa usalama barabarani humtahini, TRA hutoa leseni. LATRA, iliyorithi kazi za SUMATRA za usafiri wa ardhini mwaka 2019, huthibitisha madereva wa biashara.

Dereva mwenye E anagombewa. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na bandari kavu ya Isaka hupakia malori ya Rwanda na Burundi. Mwenye lori moja hushawishika kumchukua wa D kwa ujira mdogo. Lori likipinduka, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na mkopo wa benki hubaki palepale.

Kabla ya kukabidhi ufunguo, soma daraja na tarehe ya mwisho wa leseni. Mwenye malengo ya mbali amlipie utingo wake mafunzo VETA mapema.