Je, Wajua? Maji Meupe, Maji Salama

Je, wajua kwamba kile kifaa kidogo kama kalamu, kinachochovywa kwenye glasi na kutoa namba, hakioni kijidudu hata kimoja? Kinapima chumvi na madini yaliyoyeyuka, basi. Maji ya kisima cha pwani yanaweza kusoma 1,200 yasiwe na mdudu, na maji ya kijito walimopita ng'ombe yakasoma 80 yakiwa yamejaa vijidudu. Muuzaji wa mtambo wa kuchujia akikuonyesha namba inavyoshuka, muulize: na vijidudu je?

Vijidudu vina kipimo chao. Maabara hutafuta E. coli, bakteria anayeishi kwenye utumbo wa watu na wanyama, na Shirika la Afya Duniani linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kipo pia kipimo cha bei nafuu kilichochapishwa mwaka 1982 na watafiti wa India wakiongozwa na K. S. Manja: chupa ndogo yenye karatasi iliyotiwa dawa. Unaijaza maji, unaiacha mahali pa joto siku moja au mbili. Ikigeuka nyeusi, shuku kinyesi. Kinaweza kukosea, hasa kwa maji yenye salfa ya asili, ila kwa shule ya kijijini isiyo na maabara karibu ni msaada mkubwa.

Chai ikiwa nyeusi isivyo kawaida, maji yako huenda yana chuma kingi. Sabuni ikikataa kutoa povu, yana chokaa. Vyote viwili hukera kuliko vinavyodhuru.

Vinavyodhuru zaidi mara nyingi havina ladha wala harufu. Chukua floraidi. Kuanzia Arusha na Meru hadi Nakuru, miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huiachia ndani ya chemchemi na visima, na kipimo kinachopendekezwa kimataifa ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo kwa miaka, meno ya watoto huota na madoa ya kahawia. Ikizidi sana, mifupa hukakamaa na miguu kupinda. Na mama anayechemsha maji hayo kwa bidii ili awalinde wanawe, anaongeza tatizo bila kujua: maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote sufuriani. Chujio la kitambaa haliigusi. Dawa ya klorini haiigusi. Kinachoinasa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, na Dayosisi ya Kanisa Katoliki Nakuru nayo ikautengeneza kwa ajili ya vichujio vya nyumbani. Arusha ndiko pia Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alikobuni kichujio kinachoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Wazo hilo la kuanza na uchafu uliopo, kisha kuchagua kichujio, lingetuokolea fedha nyingi majumbani.

Tukirudi jikoni: huko Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi, si 100. Yanafaa bado. Bakteria wengi wa magonjwa hufa ndani ya dakika moja kwenye nyuzijoto 70. Ushauri wa kuacha maji yachemke kwa dakika 1, au 3 kwa wakazi wa nyanda za juu, tayari una akiba ndani yake. Kuyaacha yatokote kwa nusu saa ni kuchoma mkaa na kuni bure.

Asiye na kuni ana jua. Chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2, saa 6 juani, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu. Maji lazima yaangaze: simamisha chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, tazama kupitia mdomoni; usiposoma herufi, yachuje kwanza. Njia hii ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai Kajiado miaka ya 1990. Kipindupindu kilipoingia eneo hilo, kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani waliugua 3. Katika kundi la watoto 144 ambao maji yao hayakuanikwa, waliugua 20. Mimi sijui dawa ya bei hiyo iliyofanya zaidi.

Kanga kuukuu inachuja vizuri kuliko mpya. Nyuzi za kitambaa kilichofuliwa sana hulegea na kutanuka, matundu yakazibana. Nchini Bangladesh, timu ya Rita Colwell ilifundisha wanawake kukunja sari kuukuu mara nne na kuchujia maji. Matokeo ya mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa asilimia 48, kwa kuwa bakteria wake hujishikiza kwenye vidudu vya majini ambavyo kitambaa huvinasa. Wanaoelea peke yao hupita, kwa hiyo chemsha baada ya kuchuja.

Mbegu za mlonge zikitwangwa hukusanya tope na kulizamisha, kama ifanyavyo shabu. Maji hayo yasilazwe siku kadhaa. Mabaki ya mbegu huwalisha bakteria.

Dawa ya klorini huhitaji dakika 30 kabla ya kunywa. Tope huila, na jua huidhoofisha ikiwa bado chupani. Kuna kimelea kimoja, kriptosporidiamu, kinachoihimili kabisa. Huyo dawa yake ni moto.

Kichujio cha chungu, kilichobuniwa na Fernando Mazariegos wa Guatemala mwaka 1981, hutengenezwa kwa udongo uliochanganywa na unga wa mbao. Tanuri huuchoma unga, matundu madogo mno hubaki. Kisugue kwa brashi na maji safi, kamwe si sabuni, na kikipata ufa hata mwembamba kimekwisha kazi.

Maji ya ziwa yaliyowekwa pipani siku 2 hayaambukizi tena kichocho, maadamu hayana konokono. Vibuu vyake haviishi muda huo bila kumpata mtu. Kwa kuoga yanatosha. Kwa kunywa, bado.

Na yote hayo huharibiwa na kata moja iliyoshikwa kwa mkono mchafu. Tumia chombo chenye mdomo mwembamba usiopitisha mkono, au ndoo yenye koki.

Ukitaka vipimo kamili, Wizara ya Maji ya Tanzania ina maabara za ubora wa maji, zikiwemo za Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Omba chupa yao, kwa maana ya soda uliyosuuza itapotosha jibu la bakteria. Sampuli isafiri kwenye barafu, na ifike siku hiyohiyo. Kama kisima chako ni kifupi na kiko jirani na choo, na nyumbani kuna mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo, waambie wapime na naitreti: huzuia damu ya mtoto kubeba oksijeni, na kuchemsha hakuiondoi.